Ng'ombe wa Geti Namba Saba

Nyumba ya Geti,
Kando ya reli ya zamani.
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa sita.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo mama? Wajukuu wangu hawajambo? Na baba yao, bado anakula vizuri? Kile kifua chako kimepona kweli, au ulinidanganya tu kwenye simu? Maana nilikusikia ukigeukia pembeni ukakohoa mara mbili. Vaa soksi. Najua una miaka thelathini na saba, ni mkunga wa watu, unawaamrisha wake za wakubwa wasukume na wasisukume, lakini soksi ni soksi, na kifua hakijui cheo.

Huku tu wazima. Magoti ya baba yako ndiyo hayo hayo, yanatabiri mvua kuliko redio. Paa la jikoni tumeliziba. Mwandiko wangu usiucheke, unajua niliishia darasa la nne, na miwani hii ilikuwa ya baba yako kabla hajapata nyingine, kwa hiyo mistari inapanda mlima.

Utauliza, kulikoni barua wakati simu ipo? Simu ina haraka, mwanangu. Halafu kila nikikupigia baba yako anakaa hapa hapa ananisahihisha. Kalamu hainikatizi. Na neno ninalotaka kukuambia nimekaa nalo miaka kumi na tisa, haliwezi kutoka kwa mkupuo mmoja. Nimeshachana karatasi mbili. Hii siichani.

Mwezi uliopita uliniambia kwamba mjukuu wangu mkubwa aliambiwa shuleni asimulie habari za kwao, akasimama mbele ya wenzake akasema mama yake alikuwa anashindana mbio na treni, na kwa miaka minne treni haikumshinda hata siku moja. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Tulipomaliza kuongea nikakaa kitako kwenye kizingiti, sikucheka tena. Utaona kwa nini.

Acha nianzie mbali kidogo, ili na huyo mjukuu wangu umsomee.

Treni yetu watu waliiita Mwendapole, kwa sababu mwenda pole hajikwai, ingawa yenyewe ilijikwaa mara nyingi tu. Ilikuwapo kabla sijaolewa. Bibi yako mzaa baba aliikuta ikiwa ya makaa na moshi, akaniambia kwamba siku hizo watu walianua nguo kila ikikaribia, zisiingie masizi. Mimi nimeikuta ya dizeli, ina mabehewa saba. Moja la vifurushi na barua, mawili yenye viti laini vya wenye nafasi zao, na manne yenye mabenchi ya mbao, yetu sisi wengine. Asubuhi inakwenda, jioni inarudi, stesheni tisa, na Jumapili inapumzika kama mtu.

Kila behewa lilikuwa na watu wake. La mbele la wenye vikapu, na ukikaa mle na nguo nzuri utashuka na mbegu za nyanya mgongoni. La katikati la wafanyakazi, wanalala wamesimama. La mwisho la wanafunzi, kelele tupu. Watu wamechumbiana mle, wamegombana, mtu mmoja alizaliwa mle, na wewe mkunga unajua hiyo ni kazi gani kwenye benchi la mbao linalotikisika.

Saa za ukutani zilikuwa chache, kwa hiyo tuliishi kwa treni. Honi ya asubuhi ikilia na wewe bado unatafuta kiatu, umeshachelewa kazini. Ya jioni ikilia, unainjika maji.

Kazi ya geti nilipewa kwa ajili ya baba yako. Yeye alikuwa wa genge la reli, anatembea na nyundo ndefu anagonga reli asikilize kama ina ufa, ndiyo maana mpaka leo wanamwita Mzee Nyundo. Mimi nikawa Mama Geti. Geti Namba Saba lilikuwa na boriti ya kushusha barabarani magari yasivuke, na bendera mbili. Ya kijani maana yake njia nyeupe, pita. Nyekundu, kuna kitu relini, simama. Sheria zilikuwa hizo tu. Na nyekundu haikuwa ya mchezo, mtu wa kabla yangu aliiinua ili amwombe dereva kiberiti, akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwako.

Mwaka uliochaguliwa kwenda sekondari ndio mwaka bibi yako alipopooza upande mmoja. Mimi nilitakiwa getini saa kumi na moja alfajiri. Baba yako alikuwa ameshaondoka na nyundo yake. Kwa hiyo bibi alibaki wako wewe, mtoto wa miaka kumi na nne. Kumgeuza, kumwogesha, kumbadilisha shuka, kumlisha kijiko kwa kijiko, ndipo uchukue begi ukimbie. Treni ilinipitia saa kumi na mbili na dakika ishirini. Shule ilikuwa stesheni ya tatu, na yule mwalimu mkuu wenu alikuwa na neno lake: ukichelewa mara tatu unarudi nyumbani kumleta mzazi, mara ya nne usirudi tena.

Hukuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililonimaliza. Ungelalamika ningekugombeza, mambo yakaisha.

Pale getini nilikuwa naona mlango wetu wa nyuma. Ukimaliza kumwogesha bibi, ulikuwa unatoka na kumwaga maji ya karai uani. Yale maji ndiyo yalikuwa saa yangu. Nikiyaona yamemwagika, moyo unatulia, najua sasa hivi unatoka, unakata njia ya mkato nyuma ya kile kisima kikavu, hatua mia nne mpaka stesheni. Njia ile ilikuwa bondeni, wewe mwenyewe hukuweza kuiona reli mpaka ufike.

Mwezi wa pili wa shule, siku ya Jumanne, nikasikia treni kwenye kona. Nikatazama mlango. Hakuna maji. Nikatazama kona, nikatazama mlango. Mwanangu, mkono uliinuka wenyewe, na bendera iliyokuwemo ilikuwa nyekundu.

Dereva unamkumbuka, yule wa kofia ya ngozi, tuliyemwita Kofia, watu wakisema hata kuoga anaoga nayo. Alifunga breki, mabehewa yote saba yakalia. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama Geti! Kuna nini?"

Nilikuwa sijajiandaa kwa uongo. Nikasema neno la kwanza lililokuja mdomoni.

"Ng'ombe!"

"Wako wapi?"

"Wameshavuka!"

Na papo hapo nikaona maji yanang'aa uani, na sketi yako ya bluu inatoka mlangoni. Nikashusha nyekundu, nikainua kijani. Hazikufika hata dakika nne. Ukaiwahi treni.

Ng'ombe mwenyewe hayupo. Upande huu hakuna aliyewahi kufuga hata mbuzi. Lakini uongo ukishatembea mara moja unaijua njia. Bibi akiwa amezidiwa, nyekundu. Amechafua shuka mara mbili, nyekundu. Kofia hakuwa tena na maswali, anatoa kichwa tu: "Ng'ombe leo?" Nami: "Ng'ombe!" Nikawa namwonea huruma, mtu mzima, baba wa watoto, ninamdanganya kweupe.

Kwa hiyo mbio zako, mama, sikatai, zilikuwa nzuri. Lakini mshindani wako alikuwa amefungwa miguu.

Miaka ile ndiyo miaka Mwendapole alianza kukonda. Barabara ya lami ilifika, mabasi yakaja, yanakuokota mlangoni. Viti laini viling'olewa, vikapelekwa sijui wapi. Vioo vikivunjika wanapigilia mbao, ukikaa dirishani unaangalia msumari. Mabehewa saba yakawa matano, matano yakawa matatu. Na treni za mizigo zikapewa heshima zote, Mwendapole anasogezwa pembeni kwenye njia ya kupishana, anasubiri mzigo upite, kama bibi harusi anayepisha magunia.

Mwaka wako wa mwisho, mwezi wa kumi, akaja mkaguzi. Alipanda kila asubuhi mwezi mzima na saa mkononi na daftari gotini. Na mwezi ule ndio bibi yako alikuwa anaaga dunia polepole. Nilisimamisha treni mara nne mwezi ule. Mara nne nilimwona yule mtu kwa macho yangu anatoa kichwa, anatazama saa, anaandika. Mara ya nne nilijua ataandika tena, lakini niliinua bendera. Ulikuwa na mtihani siku ile.

Bibi tukamzika, mtihani ukaumaliza, ukafaulu. Mwezi wa pili tangazo likabandikwa ukutani stesheni. Nililisoma silabi kwa silabi, kidole kwenye karatasi. Treni ya abiria inasimamishwa kwa sababu ya uchache wa abiria na "uchelewaji wa mara kwa mara". Nilipofika hapo kidole kikagoma. Nikarudi nyumbani.

Siku ya mwisho wewe ulikuwa umeshakwenda chuoni kwa basi. Watu waliosha mabehewa kwa sabuni kama wanaosha maiti. Kofia alipiga honi kutoka getini kwangu mpaka stesheni bila kuachia. Nilimwinulia kijani, nikaendelea kuishika juu hata treni ilipokwisha kupotea, mpaka baba yako alipokuja kunishusha mkono.

Na Mama Birika aligawa chai kwa kila mtu. Mama Birika huwezi kumsahau. Mabirika mawili, la maziwa na la rangi, anakimbia kando ya madirisha, anamimina treni ikisimama na anapokonya vikombe treni ikiondoka. Alikuwa anajisifu kwamba hakuna kikombe chake kilichowahi kusafiri. Treni ilipokufa alijaribu kwenda stendi ya mabasi, wenye stendi yao wakamfukuza. Sasa anauza chai mlangoni kwake kwa wapita njia, na wapita njia ndio sisi sisi. Ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Na kila akinimiminia, miaka kumi na tisa, anasema, "Aliyeiua treni yetu, chai isimshuke kooni."

Na mimi nakunywa. Nimeunguza ulimi mara nyingi, binti yangu, kwa kumeza haraka.

Haya, hayo ni ya zamani. Ya sasa ni haya.

Wamesema reli itang'olewa. Vyuma vitapelekwa kuyeyushwa, na stesheni itakuwa ghala. Ndipo mwalimu mstaafu, yule aliyekufundisha hesabu, akasema haiwezekani kitu kilichotubeba miaka yote kiondoke bila hata kijitabu. Akapata sanduku la madaftari ya safari ambalo aliyekuwa mkuu wa stesheni alilificha lisichomwe. Akatuita wote tuliofanya kazi relini, tukakaa kwenye chumba kile cha kungojea, kwenye mabenchi yale yale, kila mtu aseme anachokumbuka.

Akafungua daftari la Kofia akaanza kusoma. Geti Namba Saba, ng'ombe njiani. Geti Namba Saba, ng'ombe njiani. Mara thelathini na moja kwa miaka minne. Akavua miwani.

"Jamani, hawa ng'ombe walikuwa wa nani?"

Baba yako, kwa roho safi kabisa, akajibu, "Nimetembea reli ile miaka thelathini, sijawahi kukanyaga hata mavi ya ng'ombe."

"Na cha ajabu," mwalimu akasema, "Jumamosi hawapiti. Mwezi wa likizo hawaonekani kabisa."

"Basi walikuwa wanasoma!" akadakia mmoja kule nyuma, chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, jasho linatiririka mgongoni.

Mama Birika yeye hakucheka. Akasimama. "Ni yule muuza maziwa. Maziwa yake yalikuwa yanatoka wapi, kwenye mawingu? Ng'ombe wake ndio waliotuulia treni!"

Muuza maziwa hakuwepo kujitetea. Alikuwa na ng'ombe wawili tu, tena ng'ambo ya pili ya mto, kila mtu anajua. Lakini watu wakishapata wa kulaumiwa hawaulizi ramani. Mwalimu akasema ataliandika hilo kitabuni kama sababu mojawapo.

Wiki haikuisha, Mama Birika akakataa kumuuzia chai yule mzee. Watoto wakamwita Muua Treni. Sasa ni kikongwe, masikio mazito, hasikii wanachosema, anaona nyuso tu zimebadilika. Alikuja hapa mlangoni na fimbo yake, akaniuliza, "Mama Geti, wewe ni mtu wa kweli. Niambie, nimewakosea nini watu?"

Nilimpa kiti. Nikampa chai. Nikamwongezea sukari.

Alipoondoka nikamwendea baba yako, anakanda magoti yake kwa maji ya moto. Nikamwambia yote, karai, bendera, mkaguzi, yote. Aliendelea kukanda mpaka maji yakapoa. Halafu akasema, "Miaka thelathini nagonga reli nisikilize ufa, kumbe ufa nalala nao kitanda kimoja."

Nikaanza kulia. Akanishika mkono. "Usilie. Ningekuwa mimi getini ningeisimamisha mara mia. Lakini mficha uchi hazai. Kamsafishe yule mzee."

Mkutano wa pili, Kofia mwenyewe alikuja kwa basi kutoka kwa mwanawe anakoishi. Kofia ile ile kichwani, ngozi imechanika pembeni. Mwalimu hajafungua hata daftari, nikasimama. Nikasema, "Ng'ombe hawakuwepo. Ni mimi. Nilikuwa nasimamisha treni mtoto wangu aiwahi, kwa sababu alikuwa anamwogesha bibi yake. Kofia, nisamehe, nilikudanganya miaka minne. Mama Birika, nisamehe. Muuza maziwa hana kosa lolote." Nikakaa.

Halafu nikasikia mtu anacheka polepole. Ni Kofia.

"Mama Geti," akasema, "ng'ombe wako alivaa sketi ya bluu na alibeba begi mgongoni. Mimi nilikaa juu kuliko wewe. Nilikuwa namwona tangu mlangoni mpaka kisimani. Siku nyingine nilipunguza mwendo kwenye kona hata kabla hujainua bendera."

"Sasa kwa nini uliandika ng'ombe?" mwalimu akamuuliza.

"Ningeandika nini? Daftari lina sehemu ya sababu. Ng'ombe, mti, mafuriko, ubovu. Mtoto anayemwogesha bibi yake, hiyo haimo."

Mwanangu, nililia kwa sauti mbele za watu.

Akasema pia kwamba zile dakika zangu alikuwa anazirudisha kwenye mteremko baada ya stesheni yetu, na kwamba uchelewaji wa kweli ulikuwa wa kupisha mizigo, saa nzima wakati mwingine. Mwalimu, unamjua, hawezi kuacha hesabu bila kuikagua. Akakaa chini akalinganisha madaftari. Kati ya siku zile thelathini na moja, ishirini na sita treni ilifika stesheni iliyofuata kwa wakati wake. Siku tano haikufika kwa wakati.

Kwa hiyo tano ni zangu. Baba yako anasema treni haiwezi kufa kwa siku tano. Labda. Lakini sikuzikataa, nimezichukua.

Muuza maziwa alikuwepo safari hii, baba yako alimfuata kwa miguu yake mibovu akamleta. Tulimpigia kelele sikioni mpaka akaelewa. Akasema, "Mtoto yule? Aa, mtoto yule nilikuwa namwona anamwaga maji." Basi, hakudai neno jingine. Watu wakaenda kumshika mkono mmoja mmoja.

Mama Birika hakushika mkono wa mtu. Alinitazama. "Miaka kumi na tisa," akasema, "unakunywa chai yangu na unanisikia." Akabeba birika lake akatoka.

Siku tatu hakufungua mlango wake nikipita. Siku tatu sikula vizuri, muulize baba yako. Nimezika mama, nimezika mama mkwe, lakini mlango uliofungwa na rafiki aliye hai ni kitu kingine.

Siku ya nne, asubuhi, nikasikia hodi. Amesimama hapo na birika. Hakunisalimia. Akaingia, akakaa, akamimina vikombe viwili, akasukuma kimoja upande wangu. Nikasubiri lile neno lake la kila siku. Hakulisema. Alikuwa anaangalia kikombe chake.

"Yule mtoto wako," akasema, "amezalisha watoto wangapi?"

Nikamwambia sijui.

"Muulize. Nataka hesabu yake. Mimi nilipoteza stesheni. Nataka kujua ilikwenda wapi."

Akanywa chai yake, akabeba birika, akaondoka. Kikombe changu aliniachia hapa. Mpaka leo hajakifuata, na wewe unajua vikombe vyake. Nimekiosha, nimekiweka dirishani, na kila nikikitazama sijui kama ni msamaha au ni deni.

Kwa hiyo nakuuliza, mama. Mnaandika idadi huko hospitali? Hata kama hukumbuki wote, kadiria. Usizidishe, Mama Birika anajua harufu ya uongo, na uongo kwenye nyumba hii umetosha. Ukikumbuka wale waliozaliwa kwa shida, ambao bila wewe wasingekuwepo, waandike peke yao.

Na la pili. Mwalimu amesimamisha kitabu kwenye ukurasa wa Geti Namba Saba. Anasema hawezi kuandika habari za mtu aliye hai bila ruhusa yake. Akauliza, aache ng'ombe kama walivyoandikwa, au amwandike mtoto? Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Fikiri taratibu. Najua mjukuu wangu amejisifu shuleni kuhusu mbio zako, na sitaki aaibike mbele ya wenzake. Mwambie mama yake alikimbia kweli, hatua mia nne kila siku, na baada ya kazi ya mtu mzima. Treni ilichofanya ni kumsubiri tu. Mtu anaweza kusubiriwa na bado akawa amekimbia.

Sikuwahi kukuambia asante kwa bibi yako. Nilidhani bendera inatosha. Asante.

Msalimie sana mkwe wangu, mwambie ile dawa ya magoti imefika na baba yako anaipaka kwa uchoyo kama siagi. Wabusu wajukuu wangu wote wawili, mkubwa na yule mtundu. Baba yako anakusalimu, yuko hapa anajifanya hatazami ninachoandika. Shangazi yako fundi cherehani anakusalimu, anataka kipimo cha kiuno chako, anasema lazima umenenepa. Muuza maziwa anakusalimu. Kofia alipokuwa anaondoka alisema, "Msalimie ng'ombe."

Mungu aiweke mikono yako salama, na kila kichanga kitakachoipitia kilie kwa nguvu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini moyo unaniambia niseme. Hesabu ile unaweza kuileta mwenyewe, ukamjibu Mama Birika uso kwa uso, ukamrudishia kikombe chake kwa mkono wako. Reli wanaanza kuing'oa mwezi wa nane, na ningependa uione ingali imelala mahali pake. Basi la kuja huku linaondoka stendi yenu saa moja kamili asubuhi. Toka mapema. Bendera bado ninayo, imepauka imekuwa ya waridi, lakini basi halinijui, halitasimama nikiiinua. Wahi, mwanangu.

Ni mimi niliyekupenda tangu hujawa na jina,

Mama yako,
Geti Namba Saba.